Vali ya Shaba Iliyovuka Kamanga

Mjukuu wangu Kabula,

Huku Mkolani hatujambo, na ng'ombe wa baba amezaa. Usicheke kuitwa mjukuu na msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Bibi yako ni dada yangu.

Umeuliza kama ni kweli nilimshuku fundi Masanja, anayefufua injini ya mvuke ya kinu cha pamba. Ni kweli. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wakituzunguka pale kinuni, nikamwona akificha vali ya shaba kwenye mfuko wa pumba. Bila vali hiyo, injini isingezunguka tena. Niliona aibu kumuuliza, nikamfuata hadi kwenye kivuko.

Tulipovuka na kufika Kamanga, Masanja aliingia kwa mzee kipofu, aliyewahi kuiendesha injini ile. Mzee akaipapasa vali.

“Imelika hapa. Isugue taratibu. Na huyo anayehema mlangoni?”

“Mlinzi wangu,” Masanja akacheka. “Kanifuata tangu Mwanza. Ingia, mama, umwamkie mzee. Kurudi utaibeba wewe.”

Niliikumbatia njia nzima, na kila abiria kivukoni nilimwona mwizi.

Ni mimi, bibi yako mdogo,
Ngolo