Shuka Nililolifunga Kwenye Saruji

Kambi ya wafyeka mkuza,
Kilimarondo,
Nachingwea.

Jumamosi, 14 Septemba 2024.
Leo nimetimiza miezi mitatu na siku tisa tangu nitoke Nkowe.

Mpendwa Shangazi Zuleha,

Shikamoo. Hujambo na macho yako? Natumaini ile dawa ya matone imepunguza ukungu, na wote hapo nyumbani mnaamka salama. Sofia akusomee barua hii taratibu, wala asiruke mahali nitakapojiumbua mwenyewe.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mkuza ni mrefu, Shangazi. Ni ile njia pana tunayoifyeka kuuzunguka msitu wa hifadhi wa halmashauri, moto wa mashambani usiingie na kila mtu aujue mpaka. Viganja vimekuwa vigumu hata kijiko nakishika kama mpini. Asubuhi hatuanzi mpaka jua lichomoze vizuri, maana tembo hupita njia hiyo hiyo. Tukikuta kinyesi bado kinafuka, tunageuka nyuma bila kubishana.

Sasa la kaburi la babu. Usishtuke, mwisho wake ni mzuri.

Uliniambia kwamba mahame yenu yamo humu msituni, kwamba mlihamishwa mwaka 1974 mkapelekwa Kiegei kijijini, kabla ndoa haijakupeleka Nkowe. Na kwamba Babu Mikidadi alizikwa mwaka mmoja kabla ya kuhama. Alama ukanipa: chungu chake cha asali, kimefudikizwa juu ya kaburi na kutobolewa tako, pamoja na jiwe lake la kunolea. Miaka hamsini hujamnyunyizia baba yako unga wa tambiko.

Mwezi uliopita nikakuandikia kuwa nimeliona. Ukanitumia unga wa mtama na shuka jeupe kwa lori la ufuta. Nikafagia, nikanyunyiza unga, nikasoma dua, nikalifunga lile shuka. Shangazi, chungu sikukiona wala jiwe. Niliona saruji iliyosimama kufika gotini, imeandikwa 73, nikasema basi, huo ndio mwaka aliofariki. Nilitaka babu yangu awe mtu wa saruji.

Jumatatu mkuza ukafika pale. Dafrosa, bibi misitu wetu, akanipa kopo la rangi nyekundu nipake ile saruji. Nikalitua chini.

"Sipaki. Hapa kalala babu yangu."

"Kaka Saadi, kumbe shuka umelivisha wewe?"

"Ni mimi. Soma hapo, kafariki sabini na tatu."

Akaangalia karatasi zake, akaniangalia mimi. "Sabini na mbili tumeipita juzi, na sabini na nne iko mbele kule. Na hao nao ni babu zako?"

Wenzangu walicheka mpaka wakaketi. Ilikuwa bikoni, Shangazi, saruji ya wapima mipaka. Nilikuwa nimeiombea bikoni dua na kuivisha shuka. Tangu siku hiyo Maximilian, mpishi wetu, kila akipakua ugali anauliza, "Na bikoni imekula?"

Lakini mimi sikucheka. Nilifikiria kilomita zote tulizokwisha kufyeka na kuchoma. Kama saruji si kaburi, basi kaburi liko wapi? Labda nimelipitia mwenyewe kwa jembe langu. Siku mbili ugali haukushuka. Nilikuwa nikiona kigae njiani nakiokota, nakitazama, nakitupa.

Jumatano mchana akaja kula nasi Mudrik, askari wa wanyamapori wa kijiji, anayezijua njia za tembo kuliko sisi tunavyojua barabara. Maximilian akamsimulia habari ya shuka ili anicheke na yeye. Mudrik akaacha kutafuna.

"Chungu chenyewe kimetobolewa tako?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi kipo. Mwanzo nilidhani cha majangili. Nikakitazama, nikasema hapana, jangili gani apikie kinachovuja?"

Tukaenda, na Dafrosa pia. Ni hatua kama mia mbili ndani ya msitu, ng'ambo ya kijito kikavu. Mkuza wetu usingefika kule kabisa. Tembo wamepita pembeni, wamevunja miti miwili, chungu hawakukigusa. Jiwe lipo, limelika katikati. Nikaweka panga langu pale palipolika, likakaa sawasawa.

Karibu zaidi sikuweza, maana nyuki wamefanya nyumba humo chunguni, wanaingia kwa lile tundu la tako. Mudrik akaniambia, "Mzee kumbe hajaacha kazi." Hapo nikacheka, Shangazi, na nikalia kidogo. Kisha nilikula ugali wa watu wawili.

Dafrosa amepachora kwenye ramani yake kuwa ni mahame na makaburi. Hapatakatwa mti, na wenyewe wataruhusiwa kuingia kuzuru, ila watoe taarifa kwanza na wafuatane na askari kwa sababu ya tembo. Shuka nimelifungua kwenye bikoni, nimelifua, liko begini. Unga uliobaki sikuunyunyiza. Umefungwa vizuri.

Nisalimie Habibu na mkewe, Bibi Fatu, na jirani yetu Gaudensia aliyenishonea begi hili. Sofia nimemwekea kalamu mbili. Mungu akupe macho ya kutosha kwa safari moja ndefu na maisha ya kuisimulia.

Kazi hapa inaisha Ijumaa, tarehe 11 Oktoba. Jumamosi tarehe 12, kabla jua halijazama, nitakuwa mlangoni kwako Nkowe. Sitashusha begi. Nakuja kukuchukua kabla mvua haijafunga barabara, unga huu uunyunyize kwa mkono wako.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye,
Saadi