Harufu ya Kinywa cha Baba Yako

Kolwezi, mwezi wa nane 1956

Mutoto wangu Tharcisse,

Muko namna gani kule Mutshatsha, weye na muke wako Simone? Huku baridi inaanza kwisha. Ule kuku mweupe wa Simone analalia mayai, na Mama Fidélie wa jirani anabasalimia.

Baba yako iko ku lupitalo tangu siku ya Mungu. Tharcisse, tangu aape mu kanisa hakunywa pombe ya lutuku tena, hata tone. Ile harufu ya bitunda bimeoza mu kinywa chake ni ugonjwa wa sukari. Munganga anasema asidi imejaa mu damu yake. Mapafu inaipunguza kwa kupumua, mafigo inaisukuma mu mukojo pamoja na sukari. Njo maana alikuwa anahema hata amekaa kimya, na kutoka inje kila saa kukojoa. Mwili wake ulikuwa unapigana, na siye tunamununia.

Banamupiga shindano ya dawa. Lakini angali anahema kwa nguvu, na munganga haahidi kitu.

Sikugombezi kwa ile siku ya ubatizo wa Elise wenu. Ulimunyang'anya baba yako mutoto mu mikono mbele ya bantu, ukasema mulevi asimubebe. Alienda kukaa inje na kofia yake.

Mukamate treni, mukuje na mutoto. Baba yako anaomba kumubeba mara moja tu. Anasema atageuza uso pembeni, harufu isimufikie.

Ni mi mama yako,
Kanku