Kitenge cha Tausi Kilichopanda Ndege

Mke wangu Mama Marwa,

Habari za huko uliko? Sisi wa huku Manchira tunaendelea, mtama umesimama vizuri. Mimi moyo umechoka. Daktari wa Mugumu aliniambia kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba likizo inakaribia kwisha. Sina huzuni. Ila kabla sijakufuata, kuna jambo nililokuficha miaka minane, nami nalikiri kwa maandishi, ili nikifika uwe umekwisha kununa.

Ni habari ya kitenge chako cha njano chenye tausi, kile alichokupa mama yako tulipooana.

Unakumbuka ulivyokwenda mnadani Mugumu, mto ukafurika, ukalala kwa dada yako? Asubuhi yake Ghati, binti wa jirani yetu Mama Ghati, alizidiwa na uchungu. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, damu inatoka, na gari la wagonjwa halipiti kwa kuwa daraja liko chini ya maji. Zahanati wakaita ndege ya wagonjwa. Uwanja uko nyuma ya shule yangu, kwa hiyo watu wa ndege walinipigia mimi, kama kawaida yao. Wewe ulikuwa unanicheka kwa cheo hicho: "Mkuu wa uwanja wa ndege, njoo ule ugali."

Maswali yao niliyajua kwa kichwa. Uwanja ni mkavu? Nikaendesha baiskeli mpaka mwisho, matairi hayakuzama. Kuna mifugo? Ipo, ila wenye ng'ombe walikuwa wameanza kuifukuza, pamoja na pundamilia wawili waliojifanya wana mwenyewe. Upepo unatoka wapi? Hapo nikakwama. Mfuko wa kuonyesha upepo nyani walikuwa wameuchana, mlingoti umebaki mtupu. Rubani akataka kitu chepesi kitakachoonekana kutoka juu. Nikakimbia nyumbani. Kwenye kamba yako ya nguo kulikuwa na kitu kimoja tu cha namna hiyo.

Laiti ungewaona tausi wako! Walipepea kama wako kwenye sherehe. Ndege ikazunguka mara moja, ikatua.

Nafasi ya ndugu ilikuwa moja, rubani akamuuliza Mama Ghati ana kilo ngapi.

"Kilo? Kwani mnaniuza?"

Hata Ghati kwenye machela alitabasamu. Mama yake akapanda, akajifunika uso kwa khanga asione ardhi ikiondoka. Ghati alikuwa amelowa, maana walijaribu kwanza kumvusha mtoni. Alikuwa akitetemeka. Nesi wa ndege akasema, "Mwalimu, nipe hicho cha kwenye mlingoti, ni kikavu." Nikakifungua, nikampa. Wenzangu walikuwa mbali wakipambana na ng'ombe, na Ghati alikuwa amefumba macho kwa uchungu; hakuna aliyeniona. Kikaenda Mwanza.

Nilikuandalia hotuba nzuri, mke wangu. Lakini ulirudi na matope hadi magotini, viatu mkononi, ukauliza kabla hujaketi, "Kitenge changu kiko wapi?" Nikasema, "Sijui." Neno moja. Mimi niliyechapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Wiki tatu baadaye Ghati akarudi mzima, mtoto yuko mgongoni, amebebwa na tausi wako. Mama Ghati akasema kitenge walipewa na nesi. Ukamsimamisha kisimani mbele ya wanawake na ndoo zao: "Ndege itoke Mwanza ije kuniibia nguo kwenye kamba? Sema ukweli!" Akasema, "Tulipewa, dada." Akakuletea kitenge. Ukamwambia, "Kaa nacho, mwizi." Hamkusalimiana tena mpaka tulipokuzika. Mimi siku ile nilikuwa ndani, nasikia kila neno, nakoroga chai isiyo na sukari.

Tangu uondoke, unajua nani ananiletea uji? Yeye. Kila asubuhi. Na kila asubuhi nilikuwa naunywa kwa aibu.

Leo nimemwambia. Aliweka bakuli chini. "Mwalimu! Wewe ndiye uliyemchapa Ghati wangu kwa kusema hakula maembe ya shule!" Akacheka mpaka akashika mlango. Nikacheka nami, moyo ukinigonga. Kisha akafuta macho.

"Mama Marwa amekufa ananiita mwizi."

"Nisamehe."

"Mimi nilijua siku zote kwamba sikuiba. Waambie wasiojua."

Ndiyo maana barua hii haitakaa kwenye sanduku. Jumapili nitaisoma kwenye jumuiya, mbele ya wanawake wale wale wa kisimani. Nikikosa pumzi, Ghati ataimalizia. Mwanawe tunamwita Ndege, na kwa mbio zake jina limemfaa. Mama Ghati amesema atakaa mbele, amevaa kitenge. Nimekiona leo. Njano imepauka, lakini tausi wote wapo.

Basi nakuomba jambo moja. Siku akija huko, na Mungu amcheleweshe sana, usingoje akusalimie. Tangulia wewe. Sema umekosea, na useme nani alikukosesha. Mimi nitakuwa nyuma yako, tayari kugombezwa na nyote wawili.

Tutaonana, mama. Usihangaike kuandaa chakula, ila kamba ya nguo iweke mbali nami.

Ni mimi mumeo, Baba Marwa, aliyechukua kitenge.