Utepe Mpya wa Mashine ya Baba

4 Machi

Baba, shikamoo. Mgongo umepata nafuu? Mimi sijambo, shangazi anakusalimu. Wiki ya pili sasa najifunza kuchapa, na bado nadonoa kama kuku. Kwa nini herufi hazikupangwa A, B, C? Naona haya kumwuliza mwalimu. Wewe umewachapia watu barua miaka thelathini, utajua.

Halafu barua yako ina herufi zilizofifia, A karibu hazisomeki. Nakutumia utepe mpya wa wino wa mashine.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu Kimya, marahaba. Mgongo haujambo. Usione haya, hata mimi niliuliza. Aliyenifunza alisema vyuma vya mashine za kwanza viligongana vikipigwa haraka, basi herufi zinazoandamana sana zikatenganishwa kama watoto watukutu darasani. Wengine wanasema watuma telegramu ndio waliotaka hivyo. Aliyezipanga hayupo, tumebaki kubishana.

Ila sisi Waswahili hakutujua. A, ambayo hatumalizi sentensi bila yake, alikitwika kidole kidogo cha kushoto, kinyonge kuliko vyote.

Ahsante kwa utepe. Usije mpaka umalize mtihani.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo. Hujambo? Nauliza kweli, si kwa mazoea. Jana niliweka barua yako kando ya kibodi nikazungushia kalamu kila herufi iliyofifia. A, S, E, W, T. Zote za mkono wa kushoto. Utepe ukichakaa hauchagui mkono.

Mkono wako una nini, baba? Nijibu hata neno moja. Mtihani ni tarehe kumi. Ukisema njoo, nauacha.

Mwanao

21 Aprili

Baba, shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Nilingoja useme njoo. Heri ningekuja tu. Simu ya jirani yako fundi saa ilinikuta natoka kwenye mtihani, na nilipofika ulikuwa umeshazikwa. Anasema mkono ulianza kufa ganzi tangu Januari, ukamkataza asiniambie. "Baba yako alisema una haya, ukirudi nyumbani hutatoka tena."

Nimekaa mezani pako. Utepe niliokutumia nimeukuta kwenye droo, karatasi yake haijafunguliwa.

Barua hii nimeichapa kwa utepe wako uleule wa zamani. A zote zimetoka nyeusi.

Mwanao, Kimya