Chungu cha Tatu

Jumatatu, 5 Septemba 1938

Chungu cha pili nacho kimekwisha. Kiazi laini, kinanuka. Kimebaki chungu kimoja tu.

Viazi hivi tulivichimba Bukene wakati wa mvua, kila kiazi na jani lake moja limelala chini, mabaka ya zambarau juu ya kijani. Okidi, ua la porini, anasema Bwana Misitu, Mzungu wetu wa idara. Anataka kuzipeleka kwao Ulaya. Majani yalipokauka aliacha amri ukutani, akaenda safari ya Kaliua: zimwagiliwe kila asubuhi, karani, yaani mimi, atie sahihi daftarini. Nimemwagilia kila asubuhi! Karani mkuu, Bwana Sylvester, anasema ataandika "uzembe".

Jumatano, 7 Septemba

Mtaa wa Ng'ambo, kwa dada Pelagia. Nilimwonyesha kiazi kilichooza – akacheka hata akakaa chini. Ninyi wa darasa la kumi! Porini nani anamwagilia mwezi wa tisa? Kimelala, mdogo wangu. Aliyelala ukimmiminia maji kila alfajiri atakufa kwa kichomi.

Nikasema ni amri. Basi kisomee amri, akasema, labda kitaota.

Alhamisi, 8 Septemba

Sikumwagilia. Sikutia sahihi.

Jumamosi, 10 Septemba

Lukumani, tarishi wetu, kaona daftari. Mwangaluka, akaniamkia kwa lugha ya nyumbani, karani wa matope! Leo hata matope huna? Kisha kwa sauti ya chini: tia sahihi, maji usitie, nani atajua?

Nimewaza kutwa. Hapana. Jani likiota watasema ni maji yaliyoliotesha, na mwakani wataozesha viazi vingine. Safu ya sahihi ibaki tupu.

Alhamisi, 22 Septemba

Bwana Sylvester alikuja na birika mwenyewe. Nikakinyakua chungu. Mimi! Shikamoo ilinitoka bila kuulizwa, lakini chungu sikukiachia. Akasema nitajuta Bwana akirudi. Huenda.

Jumatatu, 3 Oktoba

Bwana Misitu amerudi kwa treni ya asubuhi. Daftari mezani. Kwa nini pako tupu tangu tarehe nane?

Kwa sababu sikumwagilia, Bwana. Kimelala.

Akauliza nimejuaje kama ni kizima. Sijui. Sijachokoa udongo. Nilisema tu kwamba viwili vilivyotii amri vimekufa. Bwana Sylvester akakohoa. Bwana Misitu akawa mwekundu, kisha akawa mpole, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mwagilia sasa, mbele yangu, utie sahihi, yaishe.

Nikasema hapana. Sijapata kumwambia Mzungu hapana!

Amenipa hadi saa nane: ama maji, ama barua ya kuachishwa kazi. Mama anakula kwa kazi hii. Najua.

Naandika nikiwa stoo, sakafuni, chungu mapajani. Udongo mkavu kabisa. Viatu vinakuja barazani, watu wawili. Mlango nimeuacha wazi, wasije wakasema nimejificha. Birika linagonga mlango. Kalamu naiweka chini; chungu sikiachii.