Dhahabu ya Chini ya Pijo

Dorika, kaa chini kwanza. Shemeji yako Clemens kapata dhahabu. DHAHABU!

Si unalijua lile gari, Pijo la marehemu baba yake? Leo alikuwa anakata sakafu iliyoliwa na kutu, fundi achomelee bati jipya. Kung'oa zulia, akaona vitu vinang'aa kwenye kutu. Akapiga kelele: "Mzee alikuwa broka wa madini, kaficha humu!"

Nusu ya mtaa ikajaa uani. Clemens kamwaga kutu kwenye karai, anaosha kama yuko machimboni. "Msisogee, jamani!"

Fundi akachungulia, akamwambia Clemens: "Baba Agnetha, dhahabu haielei."

Dorika, ZINAELEA! Ni zile chengachenga za kumetameta tulizokumwagia siku ya harusi yako, ndani ya Pijo hilohilo!

Sasa anang'ang'ania nikuulize: siku ile hukupoteza hereni ya dhahabu humo garini?