Ng'ombe wa Mahari Kule Manga

Manga, Agosti 1969

Mama Kemuma,

Nimefika salama. Kisii mjini maduka yamejaa, lakini mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Manasseh, mjomba wa huyo kijana anayemtaka binti yetu, njia nzima alinisifia milima tu. Nikajua huyu anaficha kitu.

Hapa kwao kijana wakanionyesha ng'ombe wa mahari, wanono kweli. "Mzee, hawa wote wetu." Mmoja akalia, na ndama wake akamjibu kutoka boma la jirani, ng'ambo ya bonde. Mimi nimechunga tangu utoto, nidanganywe na nani?

Nimesema kiuno kinauma. Manasseh anapiga honi ya gari twende, apige. Nitaketi hapa hadi jioni nione ng'ombe hawa wanarudi kwa nani.

Kemuma asifunge sanduku.

Mimi mumeo,
Nyasani